Medali Thelathini za Ushindi wa Ziwani

"Huyu na stashahada yake hata kifuniko cha sufuria hatatengeneza," alisema Mzee Salumu mwenye duka pale Kyela mjini, na wateja wake wakacheka, nami nimesimama palepale na tai yangu shingoni. Alikosea. Nilitengeneza medali thelathini zinazong'aa, na mpaka leo natamani ningeshindwa.

Miaka ile kila kitu kilikuwa ruksa, na wageni wa Kizungu walianza kuja ufukweni Matema wakiuliza habari za ile Vita ya Kwanza ya Dunia, meli ya Waingereza ilipoishambulia ya Wajerumani humuhumu ziwani. Mimi (niliyesomea ufundi wa vyuma Zambia nikarudi na suti mbili, si mtu wa kubahatisha) nikaona hapa pana biashara: medali za shaba za kuadhimisha ushindi ule, zenye picha ya meli na moshi wake. Kalibu za udongo za kumiminia shaba nilifinyangiwa na mama mmoja wa Ikombe, aliyeniuliza kama ni visahani vya watoto kuchezea. Wakubwa wa wilaya wakakubali nizizindue kwenye sherehe, mbele ya watu wote.

Siku moja kabla, tanuri likiwa limeshika moto, shaba niliyonunua Kasumulu ikaisha na kalibu kumi na moja bado tupu. Mama yangu alikuwa msibani Ndandalo. Chini ya kitanda chake zilikuwako pete kubwa za shaba ambazo marehemu bibi, mama yake, alizivaa kiunoni enzi za ujana wake. Mama alizipaka mafuta kila Jumapili, na alikwisha kutuambia wote kwamba atazikwa nazo. Nikajisemea nitamnunulia nyingine. (Nyingine wapi? Nani anazitengeneza siku hizi?) Ziliyeyuka upesi kuliko nilivyotarajia.

Kwenye sherehe nikamvalisha mama medali ya kwanza, vigelegele vikapigwa, naye akanishukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga, mwanangu, ndaga," machozi yakimlenga. Ningenyamaza hapo! Lakini Mzee Salumu akapaza sauti:

"Fundi, ushindi huu wa nani? Sisi tulikuwa upande gani?"

"Upande wa kubeba mizigo!" akajibu mwingine, na ufukwe mzima ukaangua kicheko.

Nikapandwa na hasira, nikashika kipaza sauti nikatangaza kwamba ushindi huu ni wetu pia, kwa sababu shaba hii si ya dukani tu, imo iliyovaliwa viunoni na bibi zetu.

Mama akaivua medali, akaipima kiganjani.

"Ni za mama?"

Nikarekebisha tai yangu.

"Mwanangu, nakuuliza. Ni za mama?"

"Nitakununulia nyingine," nikamnong'oneza, na kipaza sauti kikayapeleka maneno hayo mpaka kwenye mitumbwi.

Hakuna aliyecheka tena. Mama akaketi mchangani akajifunika uso kwa kitambaa chake, wanawake wakamzunguka wakaanza kulia kama wanavyolia msibani, na wageni wa Kizungu waliokaa meza kuu, wakidhani ni sehemu ya sherehe, wakasimama kupiga makofi.

Nilizunguka nyumba kwa nyumba nikiomba medali zilizouzwa siku ile zirudi, zote, maana nilizing'arisha kwa pamoja, nami sikujua zipi zina shaba ya bibi. Mzee Salumu alinipa yake bila utani, akasema tu, "Mpe mama pole." Nikapata ishirini na tisa, pamoja na ya mama. Moja ilikwisha kuvuka mpaka wa nchi ndani ya begi la mgeni. Nikamwambia mama nitaziyeyusha nimfanyizie pete upya.

"Usiziguse tena na moto," alisema. Kunilaumu hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Alifariki masika yaliyofuata. Tulizifunga medali kwenye kanga, tukamzungushia kiunoni. Tangu hapo natengeneza mageti na majembe, kazi nzuri tu, na siweki kitu cha mtu motoni kabla hajaniambia mwenyewe kwa mdomo wake. Lakini kuna siku naacha nyundo nikawaza ile moja iliyovuka, iliyotundikwa sijui ukuta gani huko ng'ambo, kwamba huenda ndiyo iliyokuwa na shaba nyingi ya bibi.