Bati Lililovuja Jua

Mwenye nyumba wa kwanza alikuwa bahili wa kupindukia. Chumba alichompangisha Mama Pindo alikiezeka kwa mabati yaliyong'olewa kwenye ghala kuukuu, yakaja na matundu yake yote ya misumari. Mvua ikinyesha, fundi huyu wa nguo alihama na cherehani kutoka kona hadi kona. Lakini jua likisimama utosini, kila tundu lilishusha sakafuni kiduara cha mwanga, saizi ya kifungo cha koti. Wateja wakaviita vifungo vya Mama Pindo. Jina lake nalo alipewa na mtaa, kwa sababu akikupindia suruali, suruali itachakaa yote na pindo libaki.

Siku jua lilipopatwa kwa mara ya kwanza machoni pake alikuwa na miaka ishirini na miwili, hajaolewa, roho mkononi. Redio ilikuwa imesema tu kwamba watu wasilitazame jua kwa macho matupu. Mtaa ukatia chumvi: hata mwanga wake ukikugusa, umekwisha. Akafunga mlango, akafunga dirisha, akachomeka vitambaa penye nyufa. Tatizo ni kwamba hakuwa peke yake humo ndani. Nyuma ya pazia la kujaribia nguo alikuwa amekaa mpeleka barua wa posta, ambaye mnyororo wa baiskeli ulikuwa umemchania suruali ya kazi, na suruali yenyewe ilikuwa chini ya sindano. Kijana wa watu alikuwa amejifunga kipande cha kitambaa chenye maua makubwa, hana pa kwenda.

“Fundi,” akaita baada ya muda. “Hebu njoo uone. Vifungo vyako vimeliwa na panya.”

“Kaa hukohuko. Sitaki utani saa hizi.”

“Haki ya Mungu, njoo!”

Akaenda. Sakafu nzima ilikuwa imejaa miezi michanga, mia na ushei, yote imegeukia upande mmoja. Lilikuwa jua lenyewe, limemegwa, linaingia kwa kila tundu. Kwanza waliogopa, kisha wakacheka, kisha wakapiga magoti wote wawili kuitazama ikizidi kukonda, yeye na mwanamume aliyevaa maua. Barua za watu zilichelewa siku hiyo, na kabla mwaka haujaisha wakaoana.

Tangu hapo Tarishi, ndivyo alivyomwita mumewe mpaka mwisho, akashikwa na ugonjwa wa anga. Usidhani alikuwa mtaalamu. Nyota alizijua mbili tatu, na hata hizo alizichanganya. Ila gazeti likitaja kupatwa kwa jua au kwa mwezi, alikata kipande hicho akakibandika ukutani, pembeni ya vipimo vya wateja. Kwa mwezi walitoa viti nje wakatazama mpaka shingo zikakaza. Kwa jua walijifungia ndani, wawili tu, kama siku ile. Tarishi alitandika kitambaa cheupe, akaipitishia chaki miezi ile kabla haijabadilika, ulimi nje kama mtoto wa darasa la kwanza, na mkewe akaja kuitarizi baadaye, kila kupatwa kwa rangi yake ya uzi. Chumba walikuja kukinunua, matundu na yote, na fundi bati aliyethubutu kutaja ukarabati alionyeshwa mlango. Miaka arobaini na mitatu ya ndoa iliwapa rangi tano. Raha iliyoje ilikuwa ile, na jinsi ilivyopita upesi!

Tarishi alifariki miaka miwili iliyopita. Kwenye ukuta aliacha kipande cha mwisho cha gazeti: kupatwa kwa jua, rangi ya sita, Alhamisi, saa sita mchana. Mama Pindo alikuwa akiingoja Alhamisi hiyo kama mtu anayengoja mgeni.

Binti yao ndiye aliyeharibu mambo, na aliyaharibu kwa mapenzi. Ni muuguzi, mwenye amri zake, na alipokuja likizo akakuta maji ya kutu yamedondokea koti la bwana harusi, hakutaka kusikia la mtu.

“Jumanne fundi anabadilisha bati zote, mama. Nimeshaongea naye.”

“Si angoje mpaka Ijumaa?”

“Kuna nini cha kungojea? Mvua hiyo inakuja.”

Mama Pindo akaona haya. Utamwambiaje binti wa miaka arobaini, tena mwenye elimu yake, kwamba unataka bati bovu kwa ajili ya marehemu? Akasema haya, fanyeni. Jumanne mabati ya zamani yakashuka, mapya yakapanda, chumba kikawa kizima na giza tupu.

Alhamisi mtaa wote ulikuwa nje. Binti alikuja na miwani miwili ya karatasi, ile maalumu ya kutazamia jua, akamkuta mama yake ndani, mlango umefungwa, kitambaa cheupe kimetandikwa sakafuni na yeye amekaa kando yake.

“Mama, jua linaliwa huko! Unafanya nini gizani?”

“Namngoja baba yako,” akasema, na sasa akasema yote, bila kupanga: panya, maua, magoti, chaki, Tarishi. “Alikuwa anaingilia hapo juu. Wewe ukaziba.”

Binti alitazama nyuzi zile za rangi tano, akatazama juu, akatoka. Ngazi ya mafundi ilikuwa bado imeegemea ukuta kwa ajili ya kufunga mfereji wa maji ya mvua. Mama Pindo akasikia hatua juu ya paa, na majirani wakipiga kelele: “Dada, umechanganyikiwa? Bati jipya hilo!” Kisha nyundo ikapiga msumari, mara moja, mara mbili, msumari ukang'olewa.

Jua likashuka, jembamba, likatua kwenye goti lake. Akaliwekea kiganja chini. Halikuwa na uzito wowote.

“Limefika?” binti akauliza kutoka juu.

“Limefika, mwanangu.”

“Moja linatosha?”

“Toboa na la pili.”

“La pili la nini?”

“La kwako. Uje ukae hapa na mimi.”

Nyundo ikanyamaza. Mama Pindo akamsikia binti yake amekaa juu ya bati analia kwa sauti, jambo ambalo hata siku ya msiba hakulifanya, maana siku ile ndiye aliyekuwa akiwapangia watu viti. Akamwacha alie. Haukupita muda mrefu, nyundo ikaanza tena.