Kamba ya Msonobari wa Babu

Juzi pale Usagara niliona msonobari mdogo kwenye chungu, matawi yake yamevutwa chini kwa kamba ili yakue yakiwa yameinama, nikamkumbuka babu. Mchana mmoja nikiwa mtoto, nyumbani Kiseke, alilishusha tawi la msonobari wake taratibu, akalifunga kamba kwenye chungu. Utomvu ulinukia.

"Babu, unauumiza!"

"Hauumii, unazoea kuinama tu, mama," akacheka.

Mimi niliona kama kafungwa mtu. Babu alipoingia kulala nikaifungua ile kamba, na tawi likarudi juu. Alipoamka alilitazama, kisha akavitazama vidole vyake.

"Mikono hii imekwisha. Hata fundo haiwezi kulikaza."

Ningeweza kumwambia ni mimi. Niliogopa. Jioni ileile akampa jirani msonobari wake, na hakupanda mwingine mpaka alipofariki.