Lenzi Niliyoijaribu Siku ya Ndoa ya Zuhura

Leo mtanisikiliza mpaka mwisho. Nimechoka kuambiwa kwamba niliona vibaya, kwamba nilikuwa na njaa, kwamba mtu akilia sana siku ya ndoa ya mdogo wake macho huchoka. Kazi yangu mimi ni kuona. Napiga picha hapa Kamembe, mpakani na Kongo, na hakuna bibi harusi aliyewahi kunirudishia picha akisema nimemwona vibaya. Tena mambo haya yalitokea mchana, jua linawaka, chumba kimejaa watu wazima wenye akili zao. Yangetokea usiku ningenyamaza, maana usiku kila mtu anasema lake.

Kwetu Waislamu, siku ya ndoa wanawake wana chumba chao. Mapazia yanafungwa, mitandio inavuliwa, na mwanaume hapiti hapo hata awe mpiga picha. Ndiyo maana wananiita mimi. Ni kazi nzuri, ila chumba chenyewe kila mara ni kidogo na kina giza, na mashangazi hawataki kusikia habari ya flashi. Wanasema inawatoa nyuso zinang'aa kama zimepakwa mafuta ya kukaangia.

Mwaka ule nilikuwa nimepata kamera ya fremu kamili, ile yenye sensa kubwa, kile kibao cha ndani kinachopokea mwanga. Ilikuwa imetumika lakini nzima. Tatizo likawa lenzi. Lenzi yangu ya zamani ilitengenezwa kwa kamera ndogo, kwa hiyo kila picha ilitoka na kona nyeusi, utafikiri nilikuwa nachungulia ndani ya bomba. Nilihitaji zumu ya kawaida, lenzi ile moja inayokaa kwenye kamera kutwa: ukiifungua inachukua chumba kizima, ukizungusha pete yake namba zikapanda, inavuta uso wa mtu mmoja.

Basi, hapo ndipo wanaume walipoanza kunihutubia. Kassim, mwenye studio karibu na soko, alisema: "Kamata ishirini na ine mupaka mia na tano. Utavuta mupaka batu ba Bukavu." Mwenzake akasema hapana, chukua ishirini na nne mpaka sabini, ile ya mbili nukta nane, ndiyo inayokunywa mwanga. Nikauliza, si ni nzito? Wakacheka. Nikawaambia chumba cha wanawake kina giza. Kassim akaniambia nifungue pazia. Nifungue pazia! Hivi mtu huyu amewahi kuwa na dada?

Siku ya ndoa ilifika sijaamua. Na haikuwa ndoa ya mteja. Ilikuwa ya Zuhura, mdogo wangu, mtoto niliyembeba mgongoni kwa sababu mama alikuwa anavuka mpaka kila asubuhi na mzigo wake kichwani. Tulilala kitanda kimoja mpaka wiki ile ya ndoa. Alikuwa anaolewa huko Muganza, na dereva wa lori la saruji, kijana mpole ambaye mpaka leo sina neno naye. Nilitaka kitu kimoja tu: nikimkosa Zuhura nyumbani, nimpate kwenye picha, karibu, kama nilivyomzoea.

Kassim aliniazima lenzi yake, hiyo ya mia na tano. Nashukuru, lakini ilinitesa. Inavuta mbali, ndiyo, ila kwenye giza lile kila mkono uliosogea ulitoka ukungu. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye mkeka, nimekasirika, natoka jasho, nikasikia mtu anasema nyuma yangu.

"Maman, iyi chumba iko na giza. Iyo lenzi yako haitaweza."

Nikageuka. Alikuwa mwanamke wa makamo, mnene kidogo, ametulia, na begi la kamera mapajani. Sikumjua. Lakini alivaa kitenge cha buluu, na hilo lilinitosha. Mnajua mambo yetu: kila upande una sare yake. Sisi wa bibi harusi tulivaa njano, wa bwana harusi buluu. Ukimwona mtu na buluu, huyo ni mkwe, na mkwe haulizwi maswali. Anapewa pilau. Huyu alikuwa amepewa mara mbili, nami mwenyewe ndiye niliyempelekea sahani ya pili!

"Jaribu yangu," akasema. "Kujaribu haina shida. Inaanza ishirini na ine, inafika sabini. Giza haiogope."

Mngefanya nini nyinyi? Ndiyo lenzi niliyokuwa naiota. Ilikuwa nzito, baridi, nyeusi, haina jina la kiwanda mahali popote. Niliifunga kwenye kamera ikaingia bila kelele. Nikamlenga Tantine Asha, dada yake baba, aliyekuwa mwisho wa chumba akigawa sahani. Nikazungusha pete mpaka sabini, uso wake ukajaa, nikapiga. Picha safi, niaminini, hata nywele za kwenye paji la uso ungezihesabu.

Niliposhusha kamera, Tantine Asha alikuwa amesimama mbele yangu na sahani mkononi.

"Umeniita ya nini?" akauliza. "Niko na kazi."

"Sikukuita, tantine."

"Umeniita. Nimesikia muntu ananivuta." Akarudi zake akinung'unika.

Hapo ningeacha. Kwa nini sikuacha? Kwa sababu picha ilikuwa nzuri, basi, hiyo ndiyo sababu. Nilidhani amekuja kwa miguu yake na uzee unampotosha. Yule mwanamke wa buluu alikuwa anatabasamu kidogo, anafuta vidole vyake kwa kitambaa.

Zuhura alikuwa ameketi kwenye kiti chake kilichopambwa, mikono yote hina, wanawake wamemzunguka wanaimba. Nikataka wote waingie. Nikamlenga yeye, nikarudisha pete mpaka ishirini na nne, upana wote, kama kila mpiga picha anavyofanya. Kwenye kioo cha kamera Zuhura akawa mdogo katikati, watu wote wakaonekana. Nikapiga.

Nikashusha kamera. Kila mtu alikuwa mahali pake isipokuwa Zuhura.

Nisikilizeni vizuri hapa, maana ndipo mnapoanza kucheka. Kiti kilikuwa palepale. Tantine, sahani amezimaliza, alikuwa anamvalisha bangili, na naona mkono wa Tantine umeshika kitu. Lakini Zuhura mwenyewe alikuwa mbali. Ukuta ulikuwepo na yeye alikuwa nyuma ya ukuta, mdogo sana, kama unavyomwona mtu anayetembea ng'ambo ya ziwa. Alikuwa ananitafuta kwa macho. Sauti yake ikanifikia imechelewa, nyembamba, ikiniita yaya, dada mkubwa.

"Yaya! Ya nini umeenda mbali hivi?"

Mimi ndiye niliyekwenda mbali? Magoti yangu hayajatoka kwenye mkeka! Nikamgeukia yule mwanamke. Alikuwa amesimama, begi begani.

"Ule unavuta anakuja, ule unasukuma anaenda," akasema, kama mtu anayekueleza bei ya sukari. "Sasa nirudishie, niko naenda."

Nikamwambia angoje. Nikamlenga Zuhura tena nikaanza kuzungusha pete kuelekea sabini, taratibu. Pete iliyokuwa laini ilikuwa nzito sasa, kama inavuta ndoo kisimani. Lakini alikuwa anakuja. Wallahi alikuwa anakuja! Nilianza kuona macho yake, nikaona anaanza kucheka. Kisha mkono wa mgeni ukaishika lenzi.

"Nilimupatia ajaribu tu!" akapaza sauti, na nyimbo zikakatika. "Sasa anakataa kunirudishia kitu yangu!"

Nikashikilia. Chumba kizima kikanigeukia mimi. Mama mkwe wa Zuhura alishika mdomo. Tantine Asha akanijia kwa hatua moja, uso umewaka kwa aibu.

"Weye! Unamunyanganya mukwe kitu yake, siku ya ndoa ya mudogo yako? Batasema tulikulea namna gani?"

"Tantine, angalia Zuhura! Angalia pale eko!"

"Zuhura si huyu hapa?" Akanyoosha mkono nyuma akampapasa begani, bila hata kumtazama. Kisha akanishika vifundo vya mikono, yeye na jirani mmoja, wakanibana kama mwizi wa kuku. Nikalia, nikaomba dakika moja tu. Nani alinisikia? Wote walikuwa wanamwomba msamaha yule mwanamke. "Pardon, maman. Mutusamehe. Amechoka, ni mudogo yake anaolewa." Na yeye, kwa upole wote, akabonyeza kitufe, akazungusha, akaitoa lenzi yake, akaifunika. Mtu mmoja akamfungia pilau ya kwenda nayo. Akapita mlangoni na hakutoa hata kwaheri.

Pete ilikuwa imefika nusu.

Baada ya muda, chai inapita na watu wanajaribu kucheka tena, mama mkwe akamwambia Tantine kwa sauti ya chini, "Ule maman wenu amekasirika kabisa."

"Maman wetu?" Tantine akashangaa. "Si ni wa kwenu? Alivaa kitenge yenu ya buluu."

"Buluu gani? Alivaa njano, kama weye."

Wakaulizana chumba kizima. Sisi wa njano wote tulimwona na buluu, wao wa buluu wote walimwona na njano. Kila upande ulimwacha apite kwa heshima ya upande wa pili. Mnadhani baada ya hapo mtu aliniomba radhi? Hakuna. Walisoma dua, wakafungua pazia, wakaendelea kula. Kumkosea mgeni ilikuwa aibu, na aibu ile ilikuwa imeshabandikwa kwangu.

Tangu siku ile mdogo wangu yuko nusu. Nashuka Muganza kumsalimia kila nikipata nafasi, vumbi la malori mpaka kwenye meno. Tunaketi mkeka mmoja. Nashika mkono wake, nausikia kabisa, una joto, una kovu lake la kisu. Lakini macho yangu yanamkuta ng'ambo ya barabara. Anasema jambo, midomo inaisha, ndipo sauti inafika. Naye ananiona hivyo hivyo. Aliwaambia wakwe zake mara moja, akilia, wakacheka, hakurudia tena. Mume wake anamwona yuko karibu, na watu wote wanamwona yuko karibu. Ni sisi wawili tu tuliobaki hivi.

Na nikilalamika, mnajua wananijibu nini? "Ndoa iko vile. Muntu akiolewa anaenda mbali kidogo." Jibu hilo linanichoma kuliko yote. Ndoa ninaijua! Nimepiga picha za ndoa ngapi? Mabibi harusi wanakwenda Gashonga, wanakwenda Rwimbogo, wanavuka mpaka wanakwenda Bukavu, na wakirudi kuwasalimia ndugu zao wanaketi hapa, usoni, unaona mpaka chunusi. Msinifundishe ndoa.

Halafu kuna zile picha mbili za lenzi ya mgeni. Zilitoka nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga, kona zake zimenyooka, rangi ya hina imekolea, Zuhura, ingawa nilimpiga kwa upana wote, yuko karibu unaweza kumgusa kope. Wateja wanaziona ukutani wanasema nataka kama hizi. Kassim aliziangalia kwa muda mrefu akaniuliza ni lenzi gani. Nilimwambia atoke. Zumu sinunui tena, iwe ya sabini, iwe ya mia na tano, hata nipewe bure. Nina lenzi moja ya hamsini, isiyovuta wala kusukuma. Nikimtaka mtu karibu namfuata kwa miguu, na anayeona nachelewa atafute mpiga picha mwingine.

Wewe unayechagua lenzi leo, sikuzuii. Chagua kwa kadiri ya giza la vyumba unavyofanyia kazi, uliza uzito, uliza kama inafaa sensa yako, usiwasikilize wanaume wanaotaka kuvuta mpaka Bukavu. Lakini ya mkononi mwa usiyemjua usiijaribu kwa mtu wako. Jaribu kwenye ukuta, jaribu kwenye mgomba. Na ukiwa mwenye shughuli, mgeni aliyevaa sare muulize jina lake na la mama yake. Akinuna, anune.

Zuhura amejifungua mtoto wa kiume. Juzi nilikwenda tena. Tulikuwa tumeketi kwenye mkeka, mtoto nimempakata mimi, Zuhura yuko ubavuni mwangu, bega lake limegusa langu. Mtoto akashikwa na njaa akaanza kulia. Zuhura akamwita. Mtoto hakugeuka upande wa bega lile. Aliinua kichwa, akatazama mlangoni, akavuka kwa macho yake barabara yote mpaka ng'ambo, palepale ninapomwona mimi, akanyoosha mikono yake miwili kuelekea kule.

Mimi mmeniita mwongo. Na yeye, ambaye hata meno hana, mtamwitaje?