Kapelo Siivui

Siku niliyofukuzwa Alief, barua yangu ya posa ikarudishwa bila kufunguliwa, siisahau, mwanangu, na wala sitaki kuisahau. Nilikuwa kijana bado, nywele zimejaa kichwani, na nilijiona mjanja kuliko watu wote. Nitakueleza yote. Lakini kwanza niache nifoke kidogo, maana Jumapili ulinikera.

Ulikuja kwangu hapa Garland, ubavuni mwa Dallas, ukala wali wangu, na kifuani umevaa jezi ya kikapu ya mji mwingine. Nikakuuliza, kulikoni? Ukanijibu, "Anko, si wamem-trade nyota wetu? Sasa mimi namfuata yeye." Unamfuata! Kwani ni nduguyo? Analijua hata jina lako? Timu yetu ilipomwachia yule kijana, mimi nililia. Ndiyo, nililia, mtu mzima na mvi zangu, ndani ya gari kwenye maegesho ya kazini, na sioni haya kukuambia. Niliwatukana wakubwa wa timu kwa Kiswahili, nikawatukana kwa Kinyamwezi, nikamalizia na Kiingereza changu hiki hiki. Wiki iliyofuata nikakaa mbele ya televisheni kama kawaida yangu, nikawaangalia waliobaki wakichapwa.

Usidhani sina malalamiko. Ninayo tele. Siku hizi kwenye kikapu kila mtu anarusha kutoka mbali, hata lile jitu refu linaloweza kuudumbukiza mpira bila kuruka. Mchezaji mzima wa afya anakaa benchi na suti yake, ati anapumzishwa. Anapumzishwa nini? Mimi nimebeba maboksi ghalani tangu nifike nchi hii, nani aliwahi kunipumzisha? Na besiboli nayo wameiwekea saa, mrushaji anahesabiwa sekunde kama mtoto anayeoga. Eti mchezo ulikuwa mrefu mno. Ulikuwa mrefu, na mimi niliupenda hivyo hivyo! Unatafuna karanga, unaongea na aliyekaa kando yako mpaka unajua shangazi yake anaumwa nini. Na wengine wenu ndiyo kabisa, hata timu hamna, mna mkeka wa kubeti tu kwenye simu, leo mnaiombea Houston ishinde, kesho mnaiombea ifungwe. Haya yote yananiudhi. Lakini nanung'unika nikiwa ndani ya nyumba, sijatoka nje nikaanza kuirushia mawe.

Basi sasa nisikilize.

Zuhura nilikutana naye kwenye harusi ya Watanzania huku Dallas. Alikuwa Mzaramo wa Kisarawe, anaishi Houston, kazi yake kuwatunza wazee wagonjwa, na akicheka ukumbi mzima unageuka. Baba yake alikwishafariki, kwa hiyo mwenye kumwoza alikuwa baba yake mkubwa, Mzee Pazi wa Alief, mtaa wa huko huko Houston. Sifa za Mzee Pazi zilitufikia hata sisi wa mbali. Alikuwa shabiki wa kufa na kuzikana wa timu ya besiboli ya Houston, na wakati wa mechi hapokei simu hata nyumba iwe inaungua.

Na mimi nilikuwa wa Dallas. Nilikuwa wa Dallas tangu wiki niliyotua, wenzangu wa ghalani waliponipeleka uwanjani kwenye besiboli bila mimi kujua hata mchezo unachezwaje. Kando yangu alikaa mzee mmoja Mzungu, sijawahi kumwona tena maishani, akanimiminia karanga kiganjani na kunielekeza kila kitu kwa vidole, maana Kiingereza chake sikukielewa na changu hakukielewa. Tulipopata pointi alinikumbatia. Kabla ya siku hiyo nilikuwa nasema "wao" nikizungumzia watu wa nchi hii. Tukiwa njiani kurudi nikajisikia nawaambia wenzangu, "Leo tumecheza vizuri."

Kwa desturi yetu mposaji hukaa kwake, mshenga ndiye huenda. Lakini Mzee Pazi alituma neno kwamba huku ugenini watu hawajuani, anataka kumwona mtu mwenyewe. Nikamchukua Bahati awe mshenga wangu, Mkongomani wa Bukavu niliyefanya naye kazi, mtu wa kanisa, mpole. Jumamosi asubuhi tuka-drive kuelekea kusini. Tuliposimama kuweka mafuta nikaingia dukani, nikatoka na kapelo ya timu ya Houston kichwani, mpya, bado inanuka kiwanda.

Bahati alinitazama, akatikisa kichwa. "Kaka, ile chapeau haiko yako."

"Nyamaza wewe," nikamwambia. "Nataka mke, sitaki ubishi."

Hapo ndipo nilipoharibu, mwanangu, na kuna jambo nililipuuza huku nalijua fika. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani toka enzi za mababu. Mzaramo ataniita mpagazi wake, atanidai nimbebee mzigo, na mimi nitamwambia kwamba shamba la babu yake liliuzwa likaishia kwenye kucheza ngoma. Tunachanana mbele za watu na hakuna anayenuna. Mzee Pazi alikuwa amekwishaambiwa na Zuhura kwamba anakuja Mnyamwezi, tena Mnyamwezi mwenyewe ni shabiki wa Dallas. Wiki nzima mzee wa watu alikuwa anatembea na maneno yake mdomoni, anacheka peke yake jikoni. Mimi hayo sikuyajua.

Tukapiga hodi. Sebule imejaa watu, wote na jezi za Houston, televisheni inaunguruma, na mechi ni hiyo hiyo, Houston na Dallas. Nikampa Mzee Pazi shikamoo. Akaitikia marahaba, macho yako juu ya kichwa changu.

"Mkwe mtarajiwa, timu yako ipi?"

"Hii hii ya hapa, mzee."

"Tangu lini?"

"Tangu nifike Amerika."

Zuhura alikuwa mlangoni mwa jikoni na sinia la sambusa. Nilimwona akinitazama, halafu akatazama chini, na akarudi ndani na sambusa zake.

Tukakaa. Bahati akaanza maneno ya ushenga taratibu, bahasha ya posa iko mezani. Nami nikawa natikisa kichwa kwa adabu huku jicho moja liko kwenye mechi. Dallas walikuwa nyuma kwa moja, watu wao wawili wako kwenye vituo, wanasubiri kukimbia. Mpigaji wetu akaukung'uta mpira, ukapaa, ukapaa, ukavuka uzio na kuangukia kwa mashabiki, pointi tatu kwa mpigo. Mwanangu, sijui nini kiliniinua. Nilijikuta nimesimama katikati ya sebule ya watu, mikono juu, napiga kelele, "Tumewapiga! Tumewapigaaa!"

Mzee Pazi akachukua rimoti, akazima sauti.

"Umesema 'tume'," akaniambia. "Tume nani?"

Nikaishiwa pozi. Nikaanza kubabaika, ati ulimi umeteleza, ati Kiswahili changu cha Tabora.

"Ulimi wako haujateleza," akasema. "Ulimi ndio pekee uliokuja hapa na adabu. Mtani wangu, mimi nilikuwa nakusubiri. Ungeingia hapa na kapelo yako ya Dallas ningekuvua nguo kwa maneno mpaka ulie machozi, halafu ningekukalisha kando yangu tukala. Sasa umekuja na kapelo yangu. Nitamtania nani? Nijitanie mwenyewe?" Watu wakacheka kidogo, yeye hakucheka. "Umeogopa sebule ya watu kumi wanaokula sambusa. Mtoto wangu huyu siku moja atasemwa. Watasema hazai, watasema anavaa vibaya, watasema Kiingereza chake kibovu. Siku hiyo utasimama upande wake, au utatafuta kapelo yao uvae?"

Akaichukua bahasha, akamrudishia Bahati kwa mikono miwili, kwa heshima zote. "Mshenga, wewe huna kosa. Mrudishe mtu wako kwao."

Safari ya kurudi Dallas ni saa nne. Bahati hakunisema hata neno moja, na hilo liliniumiza kuliko kama angenisema. Zuhura nilimpigia siku tatu, hapokei. Siku ya nne akapokea, akaniambia, "Mimi sijui nilikuwa naolewa na nani," akakata. Nilikaa kitandani nikalia, na hapo ndipo nilipokasirika, si kwa mzee, bali kwa nafsi yangu. Nikasema, hapana. Nikikosa nikose nikiwa mimi.

Mwezi haukuisha nikarudi Alief. Safari hii nilivaa jezi ya Dallas, kapelo ya Dallas kuukuu imepauka kwa jasho la ghalani, na soksi za Dallas, ingawa soksi hakuna aliyeziona. Na hapo tulikuwa tumetoka tu kufungwa na Houston mechi tatu mfululizo! Bahati alicheka toka Garland mpaka Alief.

Sebule ilikuwa imejaa zaidi ya mara ya kwanza, nadhani walitangaziana. Mzee Pazi aliponiona akaruka kutoka kitini. "Mpagazi wangu! Nani kakufungulia mlango? Pitia nyuma, mizigo iko nyuma!" Walinichana, mwanangu. Walinichana saa nzima bila kupumzika. Watoto waliimba idadi ya pointi tulizofungwa. Kuna mama mmoja aliniletea kijiko kitupu, akasema Dallas hawajazoea kupata kitu. Nami nikawajibu kila walichosema, nikamwambia mzee kwamba anashangilia ushindi kwa sababu shamba limekwishaliwa na ngoma na hana kingine cha kushangilia. Akacheka mpaka akakohoa.

Halafu akafuta macho.

"Haya. Tumecheka vya kutosha. Mke unamtaka?"

"Namtaka, mzee."

"Vua hiyo kapelo, uiweke hapa mezani, umchukue leo leo."

Niligeuka, nikamwona Zuhura mlangoni mwa jikoni. Uso wake haukuniambia kitu. Bahati alikuwa ananikonyeza, na mpaka leo hakumbuki alikuwa anakonyeza nivue au nisivue. Nilimpenda yule binti, ningeweza kuvua hata ngozi.

"Siivui, mzee."

"Basi sikupi."

"Basi nitarudi Jumamosi ijayo. Na nitarudi nayo. Na tukifungwa tena nitarudi nayo vile vile, mpaka uchoke kunifungulia mlango."

Akamnyooshea Bahati mkono. "Mshenga, ile bahasha unayo bado, au umeila?"

Miaka imepita, mwanangu. Mzee Pazi tumekwishamzika, Mungu amrehemu. Zuhura yuko hapa Garland ndani ya nyumba yangu, na mpaka kesho ni wa Houston, hajabadilika hata chembe, na wakikutana na sisi hanipikii. Juzi tu, ulipoondoka na jezi yako mpya, nikamuuliza jambo ambalo sikuwahi kumuuliza. Nikamwambia, siku ile kama ningeivua, ungeolewa nami? Alikuwa anachambua mchele, hata hakuinua kichwa.

"Baba mkubwa angekubali," akasema. "Mimi ndiye ningekataa."

Sasa nakuambia wazi usije ukasema nilizunguka. Chagua upande wako, uuseme kwa sauti, na wakikucheka ubaki papo hapo. Nyota akiondoka, lia, tukana, halafu rudi kwenye kiti chako. Ofisini kwako huko Richardson wakikuita jina la mkato kwa uvivu wa kulitamka lako, wafundishe mpaka walijue. Usimpendezeshe mtu kwa kujikana, hata awe anakupa mke, hata awe anakupa kazi, kwa sababu huyo atakayempokea si wewe, na wewe utabaki nje unagonga. Na hao wanaokuchana usoni mwako, wapende, maana wamekuona.

Mungu akupe kifua, mwanangu. Akupe nyumba ya kuingilia mlango wa mbele, akupe na mtu wa kusimama nawe siku mnapochapwa. Na hiyo jezi, usije nayo tena kwangu. Ukija nayo utakula, ila utakula kwa kijiko kitupu. Amina.