Siku Niliyowafukuza Mbega

Nikikumbuka siku ya majaribio yangu hifadhini, nacheka peke yangu mpaka watu kwenye basi wananigeukia.

Nilikuwa nimejifunza kazi ya kuongoza wageni kwa miezi mitatu, kwenye ule mlima wa msitu unaoonekana kutoka Korogwe mjini. Ilibaki safari moja tu. Nikiongoza vizuri, mzee anayetusimamia atatia sahihi fomu yangu na kazi ni yangu. Nikiharibu, narudi Misima kulima, na mama yangu nilishamtajia mpaka rangi ya sare nitakayovaa.

Sisi watu wa Misima tuna jambo letu. Mahindi yakishabeba, mtu hashuki dunguni, kile kichanja cha miti katikati ya shamba, anawinga ngedere. Mimi nimekaa dunguni tangu nina miaka sita. Tawi likitikisika huulizi wala huwazi: unapiga kelele, unaokota bonge la udongo, unarusha. Mkono wangu uliijua kazi hiyo kabla ya kujua kuandika.

Wageni wa siku hiyo walikuwa kina mama wawili wa Kihindi, mtu na mdogo wake, wenye duka la vitambaa Korogwe. Mkubwa alishika fimbo na kuvaa raba mpya nyeupe.

"Mwanangu, tangu niko msichana nautazama huu mlima kutoka mlangoni mwa duka," aliniambia. "Leo nionyeshe mbega, hata mmoja."

Getini niliwasomea masharti kwa sauti ya mtangazaji wa redio: hakuna kupiga kelele, hakuna kurusha kitu. Mzee akatufuata nyuma kimya, fomu yangu mfukoni mwake. Tukapanda kwa muda wa saa mbili. Niliwaonyesha kinyonga, nikawaonyesha konokono, nikasifia hata uyoga. Mbega hola. Jasho lilinitoka, na halikuwa la mlima.

Ghafla, juu yetu, tawi likatikisika.

"Hoooyaaa! Toka! Tokaaa hapo!"

Alikuwa nani? Mimi! Sauti ilishuka bondeni ikarudi. Mbega kama ishirini waliokuwa wamejibanza kwenye majani wakaruka wote kwa mpigo juu ya vichwa vyetu, manyoya yao meupe yakipepea kama khanga zinazoanuliwa haraka mvua ikianza. Mama mkubwa akaangusha fimbo, akapiga vigelegele. Mdogo wake alicheka mpaka akakaa kwenye matope. Nami nikacheka, tena sana, huku machozi yananitoka, maana nilijua kazi imekwenda.

Nikageuka nyuma.

"Nisamehe, mzee. Ni mazoea ya dunguni."

Alikuwa amesimama mguu mmoja mbele, mkono wa kulia juu, na mkononi ameshika bonge la udongo.

Tukatazamana.

"Mzee, kwenu ni wapi?"

"Kabuku. Kwetu pia kuna madungu," akasema, akiushusha mkono polepole. "Miaka thelathini niko humu. Thelathini, binti yangu!" Mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko. "Hukuona kitu."

"Sijaona kitu, mzee."

Akaitoa fomu, akaiweka juu ya goti, akatia sahihi. Ninayo mpaka leo. Pembeni ya jina lake kuna alama ya dole gumba, ya udongo.