Kibao cha Bi Funguo

Bi Funguo hakuwa mtu wa kupendeka, na sina haja ya kumpamba. Miaka kumi na tisa alishika funguo saba za jumba la forodha la mji wa kale, ghorofa tatu za mawe na ngazi za kuvunja magoti, na miaka yote hiyo alimkaripia kila aliyegusa ukuta, aliyetafuna ndani au aliyeuliza swali mara mbili. Lakini jumba aliling'arisha, hilo tumpe. Mlango wa ghala, ambao ulikuwa mkaidi kuliko yote, ulimtii yeye peke yake. Ndivyo alivyojisifu. Unauinua kidogo kwa goti, kisha ndipo ufunguo unazunguka.

Funguo zile zilikuwa za baba yao. Siku mzee anakata roho, mwanawe wa kiume, mdogo wake Bi Funguo, alikuwa baharini, amelala kifudifudi juu ya ubao, anasubiri wimbi la kuteleza nalo. Alifika kaburi limeshafukiwa, nywele bado zina chumvi. Bi Funguo akamwambia mbele ya wajomba na majirani, "Funguo usizitupie jicho. Wewe ni mtu wa mbao tu." Watu wakacheka, msibani vile vile. Mdogo wake hakucheka. Tangu hapo waliishi kama paka na panya, na nyumba zao ziko mwendo wa dakika ishirini tu.

Mdogo mtu akafungua kambi ufukweni. Wageni wanakuja wiki nzima, asubuhi anawafundisha kusimama juu ya mawimbi, mchana wanakula na kulala, jioni anawaelekeza mjini wakaone vya kale. Likizo moja, raha mbili, ndivyo alivyotangaza. Bi Funguo aliliona tangazo akalichana. Wageni wa kambi hakuwataka hata kuwasikia, maana wachache waliowahi kumkuta waliingia na kandambili, wakimwaga mchanga kwenye sakafu aliyoipiga deki tangu alfajiri.

Siku moja mdogo wake alikuja mwenyewe, akasimama mlangoni chini ya kibao. Kibao kile Bi Funguo alikiandika kwa mkono wake, kwa rangi nyekundu: KARIBU 2 – 10.

"Dada, hicho kibao kibadilishe saa. Wageni wangu wana..."

"Nibadilishe saa za jumba kwa ajili ya mbao zako? Baba alikuwa anafunga saa kumi, na mimi nafunga saa kumi. Ondoka kizingitini kwangu."

Akaondoka, na hakurudia tena.

Miezi miwili baadaye akaja afisa wa manispaa na bahasha nene. Ndani kulikuwa na barua kumi na moja za wageni wa kambini, zote zinaimba wimbo mmoja: jumba limefungwa saa za kazi, mlinzi haonekani.

"Mama, unafunga mapema," afisa alisema.

Bi Funguo aliapa kwa kaburi la baba yake kwamba hajawahi. Afisa akakisoma kibao, hakuona kosa. Bi Funguo naye hakuliona, wala majirani waliojisogeza kusikiliza.

"Narudi Ijumaa. Kama huna sababu ya maana, utanikabidhi funguo."

Kwa Bi Funguo hiyo ilikuwa fitina ya mdogo wake, hakuna cha kujadili. Kesho yake alifunga saa kumi kamili, akajibanza kwenye ngazi za jirani ili awakamate waongo. Saa kumi na moja akatokea mgeni, mwanamke aliyebabuka pua kwa jua, nywele zinachuruzika maji. Akasukuma mlango, akabisha, akaupiga teke dogo.

Bi Funguo akamvaa. "Hujui kusoma wewe?"

Mgeni hakuelewa maneno, ila sura aliielewa. Akanyoosha kidole kwenye ile 10, kisha akamwonyesha saa yake ya mkononi. Ilisema 5:00. Akahesabu kwa vidole polepole, kutoka tano mpaka kumi, kama anayemfundisha mtoto.

Bi Funguo akahesabu naye kimoyomoyo. Kwao wale, saa kumi na moja ya jioni ni tano, na kumi yao ni saa nne ya usiku. Ameandika kwa saa zake, wao wamesoma kwa zao, na afisa mzima na elimu yake hakung'amua kwa kuwa naye amesoma kama mwenyeji.

Alimkuta mdogo wake ufukweni anapaka ubao nta.

"Ulijua."

"Nilikuja kukwambia. Ulinifukuza."

"Si ungerudi."

"Kwenye kizingiti cha nani?"

Alitaka kumwomba, ombi likamkwama. Akaamuru badala yake. "Ijumaa saa tatu uwepo. Umweleze afisa."

Mdogo wake aliendelea kusugua nta.

Ijumaa alikuja. Bi Funguo alifurahi kumwona, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, akamtolea hata kiti. Kisha akamweleza afisa habari ya saa, mwanzo hadi mwisho.

"Inaingia akilini," afisa alisema. "Lakini huenda umeitunga jana. Barua zimetoka kambini kwa ndugu yako." Akamgeukia. "Ni kweli wageni wako walipotezwa na hizi namba?"

"Saa za jumba mimi nitazijulia wapi, afisa?" mdogo wake alijibu. "Mimi ni mtu wa mbao tu."

Safari hii hakuna aliyecheka. Bi Funguo alimchukia kwa moyo wote, na juu ya chuki hiyo aliona aibu, maana maneno yale aliyajua yametoka kinywani mwa nani. Akazitoa funguo. Afisa akaanza kuzijaribu moja moja, na mlango wa ghala ukamgomea.

"Huu unafunguliwaje?"

Bi Funguo alinyamaza. Hilo angalau lilikuwa lake.

Mdogo wake akasimama, akauchukua ufunguo kwa afisa, akauinua mlango kwa goti, ukafunguka bila hata kulia.

"Baba alinifundisha mimi kwanza," alisema bila kumtazama dada yake. Kisha akauliza ile rangi nyekundu ya kibao imewekwa wapi.