Nyuma ya Kiti cha Biharusi

Nilipoachwa nilikuwa na miaka kumi na tisa, na watu wa kijijini kwetu Uroa walinililia kama niliyekufa. Mimi mwenyewe nililia siku mbili, kwa adabu, halafu nikachoka. Mume wangu hakuwa mtu mbaya. Tulikuwa hatupatani tu, hata kwa chumvi ya mchuzi: yeye akisema imezidi, mimi nasema haijatosha. Baba akaona bora nikakae eda mjini kwa dada yake, mbali na maneno ya kisimani. Basi nikapanda gari na kifurushi changu, nikateremka Darajani, miaka ya hamsini ikiwa bado michanga.

Shangazi alikaa mtaa wa Malindi, juu ya ngazi zilizosimama wima hata mgeni akifika juu husahau alilolijia. Alikuwa mjane, mnene, mcheshi kwa wageni na mkali kwa wa nyumbani. Marehemu mumewe alikuwa fundi wa kanzu, na cherehani chake cha mkono kilikuwa mvunguni mwa kitanda, kimefunikwa kanga. Hakuna aliyekigusa tangu mwenyewe azikwe.

Ukiwa edani hutoki wala hujipambi. Sasa ufanye nini? Mimi nilianza kufumua nguo. Nilichukua gauni langu la harusi, nikalifumua mshono mmoja mmoja nione fundi aliliungaje, nikavitandaza vipande sakafuni, kisha nikaliunga upya kwa sindano ya mkono. Mara ya kwanza mkono wa kulia ulikaa kushoto. Mara ya pili shingo ilikataa kupitisha kichwa. Mara ya sita au ya saba likanikaa. Nikajitazama kwenye kioo cha kabati na hapo hapo nikajua ninachokitaka duniani: kuwa fundi wa nguo za wanawake, niitwe fundi, nile kwa jasho langu.

"Shangazi, nipe kile cherehani nijaribu."

"Kile kina mwenyewe."

"Mwenyewe si kafa, shangazi?"

Hakusema nami siku mbili. Nilijuta. Siku ya tatu, baada ya sala ya alfajiri, akaniita.

"Naam!"

"Mtaka cha mvunguni huinama. Haya, inama ukitoe, mgongo wangu mie hauwezi."

Eda ilipokwisha nilivaa buibui langu nikaenda kwa fundi mmoja aliyekuwa na baraza lake karibu na Darajani, nikamwomba anifundishe kukata. Mshono nilikuwa nimeshaujua. Mkasi ndio ulionitia hofu.

"Bibi, wanawake hushona kofia," akaniambia, wala si kwa ubaya. "Gauni lina hesabu."

"Hata pilau ina hesabu," nikamjibu. Akacheka, akaendelea kupiga pasi.

Hasira zilinipanda, lakini hasira hazikati kitambaa. Jirani yake palikuwa na duka la nyuzi. Basi kwa miezi mitatu nilikuwa mnunuzi mgumu kuliko wote mjini: uzi mmoja nauchagua nusu saa, jicho moja kwenye rangi, jingine kwenye mkasi wa fundi. Nikirudi nyumbani nakata magazeti ya zamani kabla sijasahau. Kila asubuhi kabla ya kuzungusha mpini wa cherehani nilikuwa nikiomba, "Ya Rabbi, kama kazi hii ina heri nami, nifungulie, kama haina, niondolee hamu yake." Hamu haikuondoka. Nikalichukua hilo kuwa ndilo jibu.

Kazi zenyewe zilikuwa foronya, mashimizi, na nguo za watoto wa majirani, ambao huwezi kuwaharibia sana kwa sababu kesho wamekua. Mwaka ukapita hivyo. Ndipo ikaja posa. Mfanyabiashara wa nazi wa Mkokotoni, aliyefiwa na mkewe, alileta watu, na Baba akapeleka jibu kwamba shauri liko kwa shangazi. Yule bwana hakuwa na kasoro yoyote, na hilo ndilo lililonitisha. Mtu mwenye kasoro unaweza kumkataa.

"Mpaka lini utafuma na kufumua?" shangazi akaniuliza. "Watu washanchoka kunsikiliza nkikusifu. Nakupa mpaka Idi Kubwa. Ikiwa hajaja mtu na kitambaa cha maana, cha mtu mzima, ukakishona kikasifiwa, n'taitikia posa. Nshasema."

Ramadhani ikaingia na kutoka. Katika Mfunguo Mosi, mwezi unaoifuata, harusi zikiwa zinafuatana, Mola akanifungulia. Bibi mmoja wa mtaa wa pili, aliyekuwa anaoza binti yake, aliambiwa na mafundi wote kwamba wameelemewa na kazi. Akakosa pa kwenda, akaja kwangu. Sikujali kwamba nilikuwa wa mwisho kukumbukwa. Alileta kikapu: ndani mna satini ya rangi ya waridi, yadi kwa yadi, na gauni moja la zamani la binti.

Lile gauni la zamani lilikuwa kigezo. Wakati ule mwanamke wa mjini hakwenda kusimama mbele ya fundi mwanamume apimwe. Alimpelekea nguo yake inayomkaa, na fundi akapima nguo. Ndiyo maana nusu ya wanawake wa mji walikuwa wakivaa makadirio. Mimi nilikuwa mwanamke mwenzake. Ningeweza kupanda ngazi nikampima yule binti kwa mikono yangu, na hata haikunipitia akilini. Ufundi niliouiga ulikuwa wa wanaume, na niliuiga pamoja na upofu wake.

Nilishona siku kumi na mbili. Kwa kuona fahari, nilikata kitambaa cha akiba kwenye mishono ya ndani mpaka ikawa myembamba na safi, isionekane hata ukigeuza gauni nje ndani. Shangazi alilipitisha mkononi, akanyamaza. Kwa shangazi, kunyamaza ilikuwa sifa.

Siku ya harusi, mara tu baada ya alasiri, nikaitwa mbio nyumba ya biharusi. Nilimkuta mwali amesimama katikati ya chumba, gauni limemkwama mabegani, mikono iko juu, na somo yake, yule mama aliyekabidhiwa kumfunda, anavuta chini kwa nguvu zake zote. Nikamtazama mwali, nikafahamu kosa langu palepale. Alikuwa amewekwa ndani mwezi mzima. Mwezi mzima amelishwa kuku, mayai, samli na halua, akisuguliwa liwa na kulala mchana, na hiyo ndiyo kazi ya mwali. Alikuwa amenawiri, mashallah. Kigezo kilikuwa cha kabla hajaingia ndani. Kila mtu Unguja anajua mwali hunenepa, nami nilijua vilevile, na nililikata gauni la msichana ambaye hayupo tena.

"Legeza mishono," somo akasema.

Hapakuwa na cha kulegeza. Unadhifu wangu ulikuwa umekula akiba yote.

Niliona Mkokotoni yote, na minazi yake, inanijia ngazini. Machozi yalinilenga. Kisha nikasema Bismillahi, nikaomba mkasi, nikalipasua gauni mgongoni tangu shingoni mpaka kiunoni. Mama wa mwali alipiga ukelele. Tukamvisha kwa mbele, kama mtu anavyovaa aproni, nikalitia nyuzi kwenye shimizi yake ubavuni huku na huku, na mgongo tukaufunika kwa shela. Kwa mbele lilimkaa kama alilozaliwa nalo. Tatizo lilikuwa pumzi. Kila akivuta pumzi, uzi mmoja unakatika.

Kwa hiyo alipowekwa kwenye kiti chake atazamwe, nami niliwekwa nyuma ya kiti, nimechutama kati ya ukuta na pazia, sindano mkononi, nikiunga kila kilichokatika. Wanawake wakaanza kuingia, udi ukatanda, vigelegele vikapigwa. Mwali, kama ada ilivyo, amefumba macho, hasemi, hacheki, hajitikisi. Nami nyuma yake nasikia kila kitu.

"Hebu mtazameni alivyopendeza!"

"Na gauni! Nani kamshonea?"

Haya ndiyo maneno niliyoyaombea mwaka mzima.

"Fundi wa Mombasa," somo akajibu haraka. "Limekuja kwa meli."

Sikumlaumu. Alikuwa akiistiri nyumba, maana nani ataje fundi ambaye gauni lake limepasuliwa? Lakini niliuma meno nisilie. Shangazi alikuwemo mle chumbani, nilishakisikia kikohozi chake. Kazi yangu ilikuwa inasifiwa mbele ya mtu mmoja ambaye sifa zake ndizo zingeniokoa, na sifa zote zilikuwa zinapanda meli kwenda Mombasa.

Ndipo mwali, macho yamefumbwa vilevile, akafungua mdomo.

"Hakutoka Mombasa," akasema. "Yupo hapa nyuma yangu. Ndiye anayenshikilia, nsije nkavuka nguo mbele yenu."

Mwali hasemi! Kisha mtu mmoja akacheka, akafuata wa pili, na kicheko kikazunguka ukutani mpaka mama mtu mwenyewe akashika mbavu. Pazia likavutwa. Nikaonekana nimechutama, uzi mdomoni, buibui limejaa vumbi, nikainuka kwa aibu nikaamkia wakubwa, "Shikamoo nyote." Vigelegele vilivyofuata sijui vilikuwa vya nani kati yetu wawili.

Njia nzima kurudi Malindi shangazi alinitangulia. Nilihesabu makosa yangu kimyakimya, ngazi baada ya ngazi. Tulipoingia ndani alivua buibui, akafungua sanduku lake, akatoa kitambaa cha hariri ya kijani ambacho sikuwahi kukiona, mikunjo yake imekwisha kugeuka rangi.

"Alininunulia marehemu," akasema. "Alikuwa anishonee kwa Idi. Idi haikumkuta."

Akakiweka juu ya cherehani. Nilimwambia anitafutie gauni lake linalomkaa vizuri, akanitazama kama mtu anayemtazama mjinga anayempenda.

"Lipo wapi? Nlikuwa mwembamba wakati ule." Akasimama katikati ya chumba, akainua mikono. "Nipime mie mwenyewe, fundi."